Nilivyojilea Chuno

Watu wa Chuno walionijua utotoni watakwambia nilikuwa mtoto asiye na shukrani. Siwapingi. Shukrani niliyotakiwa kuitoa ilikuwa kubwa kuliko chakula nilichopewa, nami tangu nikiwa mdogo nilikataa kushukuru kwa nisichokula.

Nilizaliwa Mahurunga, karibu na mto Ruvuma. Mama alifariki nikiwa bado nanyonya. Baba alikwenda kaskazini kukata mkonge, na huko mkonge ukammeza, hatukupata habari zake tena. Nikabaki na bibi mzaa mama. Katika nyumba ya bibi neno yatima halikuwepo. Nilikuwa mjukuu, basi, mwenye kazi ya kufukuza ndege kwenye mpunga na haki ya kukwangua ukoko. Jioni bibi alinikalisha kwenye mkeka, akanipaka mafuta ya nazi tangu utosini mpaka nyayoni. Kiswahili chake kilikuwa cha Kimakonde, hakikujali kanuni za walimu. Aliniinua mkono akauliza, "Huu nkono wa nani?" Nikajibu, "Wangu." "Na hiki kichwa?" "Changu." Tulicheka, tukaenda hivyo mwili mzima. Nilidhani ni mchezo wa watoto wote duniani.

Bibi alifariki uhuru ukiwa umeshapata miaka michache, mimi nikiwa na umri wa kuanza kubeba ndoo kubwa. Baada ya hitima wazee walikaa wakajadili nani anichukue. Kila mmoja alihesabu watoto wake mwenyewe. Ndipo akasimama mwanamke mmoja aliyetoka mjini, binamu ya baba kwa upande wa mbali. "Nitamchukua mimi," alisema. "Ni damu yetu." Tukapanda lori lililobeba magunia ya korosho, mimi juu ya magunia, yeye mbele karibu na dereva. Tangu siku hiyo nilimwita shangazi.

Nyumba ya shangazi pale Chuno, mjini, ilikuwa ya bati, na bati wakati ule lilikuwa jambo la kujivunia. Mumewe alikuwa na duka la vitambaa na mafuta ya taa. Alikuwa mtu wa Mikindani, mpole, aliyenisalimia kila asubuhi kama mtu mzima, na hakuwahi kunitetea kwa lolote. Walikuwa na binti mmoja wa rika langu.

Sikupigwa. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wakisikia habari za mtoto wa kulelewa husubiri fimbo, na wasipoisikia wanaona hakuna neno. Nililala stoo, na stoo haikuvuja. Nilipelekwa shule. Lakini kila wema niliotendewa ulitangazwa. Mgeni akiingia, kabla hajavua viatu, shangazi alishasema: "Huyu ni yatima, tumemtoa Mahurunga. Tunamlea kwa ajili ya Mungu." Mgeni alitikisa kichwa kwa huruma, akasema Mwenyezi Mungu atawalipa. Mimi nilikuwa nimesimama palepale na birika la maji ya kunawa, nikimmiminia mikononi huyo anayenihurumia.

Msimu wa korosho tulibangua nyumbani. Maganda huchomwa kwanza kwenye bati juu ya moto, nayo hutoa mafuta meusi yanayounguza ngozi kama makaa. Ukibangua bila kujipaka kitu mikononi, vidole hutoka malengelenge, kisha ngozi inabanduka. Shangazi alikuwa na chupa ya mafuta ya nazi. Kila mara kabla ya kazi alimpaka binti yake viganja vyote viwili, kidole kwa kidole, kisha akaifunga chupa na kuirudisha kabatini. Mimi nilijipaka majivu. Majivu husaidia kidogo.

Msimu wa pili tone la mafuta meusi ya maganda liliruka kutoka motoni likanitua kwenye muundi wa mguu. Likaacha shimo dogo. Shimo likawa donda, donda likapanuka, likaanza kunuka. Shangazi aliliangalia mara moja akasema, "Yatima ana damu nzito, atapona tu." Halafu akaniambia niwe nakula uani, maana harufu inawakosesha hamu ya chakula. Shuleni nilikaa dirishani peke yangu. Nilikula uani kwa muda mrefu kiasi kwamba kuku walinizoea.

Siku moja nikiwa uani nilitazama mguu wangu ukiwa na nzi, nikaona jambo lililonitia hasira kuliko maumivu: hata mimi nilikuwa nimeacha kuwafukuza. Nikasimama, nikaacha sahani palepale, nikaenda zahanati bila kumuaga mtu.

Dresa, mfunga vidonda aliyekuwa zamu, alikuwa mwanamume mfupi mwenye sauti ya ukali. "Nani amekuleta?"

"Nimejileta."

"Mama yako yuko wapi?"

"Amekufa. Nioshe."

Aliniosha. Niliuma kanga. Alipomaliza, akapaka dawa ya zambarau, akafunga, akaniambia nirudi kesho yake. Nilirudi, nikarudi tena, mpaka akaniambia, "Foleni ni ndefu, na wewe una mikono. Tazama ninavyofanya." Akanionyesha kuchemsha maji na chumvi, kuyaacha yapoe, kuosha kuanzia katikati ya donda kwenda nje, kuchemsha kitambaa na kukianika juani. "Usiruhusu mtu alifungue kwa udadisi," alisema. "Na ukae umeinua mguu jioni."

Kuinua mguu jioni! Katika nyumba ambayo jioni ndiyo nilikuwa nikitwanga, nikikuna nazi, nikichota maji. Lakini nilifika nyumbani, nikatia chungu motoni. Shangazi akatoka. "Unapika nini?"

"Maji ya donda."

"Kwa kuni zangu?"

"Kuni hizi nimezikata mimi, shangazi."

Alinitazama kana kwamba birika lake ndilo limesema. Siku iliyofuata nilikwenda porini nikarudi na mzigo wangu, nikauweka mbali na wake, upande wa pili wa jiko, na hakuna aliyeugusa. Kaniki ya bibi, kitu pekee nilichotoka nacho Mahurunga, niliichana vipande. Nililia nikiichana. Kisha nikavichemsha. Na jioni, baada ya kuchota maji, nilikaa kizingitini, nikaweka mguu juu ya kinu kilichogeuzwa, nikakaa. Shangazi alipita, akasonya. Akapita tena. "Bibi harusi huyo," alimwambia binti yake. Sikushusha mguu.

Kupona kulichukua muda, tena hakukwenda moja kwa moja. Donda lilifunga, likafumuka, likafunga. Lakini kitu kingine kilipona humo njiani. Kwa kuwa kila siku niliugusa mguu wangu kwa uangalifu, nikaanza kuitunza mikono pia, na uso. Nilichonga mswaki wangu. Nilijifunza kusuka mwenyewe nywele za mbele, na za nyuma nikamsukisha binti wa shangazi, ambaye hakuwa mbaya, alikuwa mwoga tu. Na msimu wa korosho uliporudi, shangazi alipomaliza kumpaka binti yake mafuta, kabla hajaifunga chupa nilinyoosha viganja.

"Nini?" akauliza.

"Na mimi nina ngozi, shangazi."

Mjomba, maana ndivyo nilivyomwita mumewe, alikuwa mlangoni. Shangazi akamwona anaangalia. Akanimiminia. Yalikuwa machache, lakini nilijipaka polepole, kidole kwa kidole, mbele yake, kama nilivyomwona akimpaka mwanawe.

Sasa nifike Ashura, siku ya kumi ya Muharram, maana hapo ndipo sifa yangu mbaya ilipokamilika. Siku hiyo watu hupapasa vichwa vya mayatima kutafuta thawabu. Nyumbani kwa shangazi ilikuwa sherehe. Wanawake wa Chuno na wengine kutoka mtaa wa jirani wa Magomeni walikuja na kanga zao nzuri, nami nilikalishwa katikati ya mkeka, kichwa wazi, wakapita mmoja mmoja kunipapasa, huku shangazi akipokea pongezi. Miaka yote nilikaa nikitazama chini. Mikono mingine ilikuwa ya upole kweli, siwezi kuwasingizia. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari za shule.

Mwaka ule nilikuwa darasa la sita na donda limebaki kovu. Mwanamke wa kwanza aliponyoosha mkono, nilijitanda kanga kichwani.

"Fungua kichwa," shangazi alisema, akitabasamu kwa wageni.

"Sifungui."

"Yatima wa watu, usinitie aibu."

Nikasimama. "Shangazi, kichwa hiki changu. Mwenye kutaka thawabu anipe daftari, au anikaribishe kwake nikale na watoto wake. Na mimi nina jina. Tangu nimekuja hapa sijalisikia mdomoni mwako."

Mama mmoja akasema, "Astaghfirullah." Mwingine, mzee kuliko wote, akachekea puani, akasema, "Nntoto huyu ana meno." Shangazi aliwasindikiza wageni mpaka mlangoni. Ndipo akaniambia nifunge mzigo nirudi Mahurunga.

"Nitaondoka nikimaliza shule," nilisema. "Ulisema mbele ya wazee kwamba utanilea. Nilee."

Sijui nilitoa wapi ujasiri ule. Siku zile nilikuwa na hasira kama mtu ana homa. Nilibaki. Idd iliyofuata sikushonewa nguo, na kwa miezi shangazi alinituma kupitia kwa binti yake, nikiwa nimesimama hatua chache kutoka kwake: mwambie alete maji, mwambie afagie. Nilileta, nilifagia, nilisoma kwa mwanga wa jiko. Neno yatima, hata hivyo, halikutamkwa tena mbele yangu.

Nilipomaliza darasa la saba nilirudi zahanati, safari hii kuomba kazi. Nikapewa ya kufagia na kuchemsha vyombo. Nikapanga chumba Magomeni pamoja na wasichana wawili. Kitanda changu cha kwanza kilikuwa cha kamba, kilichochoka, na usiku wa kwanza nililala katikati yake nimetandaza mikono na miguu yote kwa makusudi.

Miaka ya sabini ilipofika katikati nilipata mchumba, kijana wa Mikindani aliyekuwa akifanya kazi bandarini. Posa ilibidi ipelekwe kwa shangazi, kwa kuwa sikuwa na mlango mwingine. Wazee wa pande zote walikaa sebuleni, mimi na wanawake tuko nyuma ya pazia. Mazungumzo yalikwenda vizuri mpaka ulipotajwa mkaja, ile nguo anayopewa mama wa bibi harusi kwa ajili ya tumbo alilolifunga baada ya kumzaa.

"Mkaja ni wangu," shangazi alisema. "Nimemlea mimi."

Nilitoka nyuma ya pazia. Mwali hatoki, najua. Nilitoka.

"Wazee wangu, shikamooni," nilisema. "Aliyenizaa amelala Mahurunga, na aliyenilea amelala pembeni yake. Aliyebaki hai katika walionilea ni mimi. Mkaja nipeni mimi."

Pakawa na ghasia. Mshenga akashika kichwa. Mzee mmoja akasema haijapata kuonekana tangu dunia kuumbwa, mwali kujipokelea mkaja. Nikamjibu kwa adabu kwamba basi leo ataiona, au posa irudi Mikindani. Mchumba wangu alikuwa hayupo, na mpaka leo anasema anashukuru.

Aliyenyamazisha watu ni mjomba. Yule mpole. Alikohoa, akavua kofia, akaishika mapajani. "Mtoto huyu alikula uani na kuku," alisema, "mimi nikiwa ndani nakula samaki. Niliona. Mpeni nguo yake." Halafu akaanza kulia, mtu mzima, mbele ya wakwe.

Nilipewa. Ilikuwa kanga doti moja, ya rangi nyekundu na nyeusi. Nikaifunga kiunoni palepale, juu ya nguo zangu. Shangazi aliingia chumbani kwake akafunga mlango, na siku ya harusi alikaa pembeni, akala kidogo, akaondoka mapema.

Wengi walidhani nitajuta. Nilingoja majuto kwa uaminifu, hayakuja. Kilichokuja ni usingizi. Nililala vizuri mwaka ule.

Shangazi alikuja kunitembelea Mikindani kwa mume wangu baada ya miezi kadhaa, peke yake, bila kutuma taarifa. Alikuwa amekonda. Nilimwamkia, nikamtandikia mkeka ndani, nikampakulia wali na pweza wa nazi wa siku hiyo, wa moto. Alikaa akiitazama sahani. Kisha akaniita kwa jina langu, akalitamka vibaya kidogo, kama mtu anayejaribu kiatu kipya.

"Umenisamehe?" akauliza.

Nilifikiri kabla ya kujibu, maana lilikuwa swali la kweli na nilitaka alipate jibu la kweli.

"Bado, shangazi," nilisema. "Kula kwanza, chakula kisipoe."

Alinitazama. Nikamsogezea maji ya kunawa. Akanawa, akala, akamaliza, na kabla ya jua kutua nilimsindikiza mpaka barabarani.