Feni ya Batula na Pini ya Nne

Hii mtasema nimeitunga, na siwalaumu, maana hata mimi niliyekuwepo sijaiamini bado: Batula wa Garsen, mwanamke anayemshika fahali pembe akamlaza chini, alishindwa na waya mfupi kuliko shibiri.

Batula ana chumba kimoja na kazi mbili. Asubuhi anauza maziwa ya ng'ombe wa ndugu zake. Yakiisha anafuta meza, anawasha kompyuta, anawachapia watu barua na fomu. Vibuyu vya maziwa anavifukiza humohumo kwa makaa, alivyofundishwa na mamake, kwani maziwa yasiyonukia moshi Mworma, mfugaji wa huku kwetu, atakuuliza umeyatoa wapi. Kompyuta nayo ikavuta moshi huo miaka mitatu. Feni yake ikajaa masizi, na wiki ile ikakata roho.

Jua letu mnalijua. Bila feni, mashine ilifanya kazi dakika kumi, ikazima yenyewe. Na siku ninayoisimulia, maombi ya chuo ya Ruwaida, binti yake, yalikuwa yanafungwa saa kumi na moja jioni, vyeti vyote vimo ndani ya mashine hiyohiyo. Akifika ukurasa wa tatu, pu! Giza.

Feni mpya aliyoiagiza dukani ikaja na basi kutoka Madogo saa nane. Batula akaikaza skrubu nne, akashika plagi yake, akatazama ile bodi ya ndani. Plagi ina matundu matatu. Pa kuchomeka pana pini nne.

"Wamenitumia ndama wa ng'ombe mwingine," akanung'unika.

Akachomeka hivyohivyo, akawasha. Feni kimya. Akazima, akachomoa, akasogeza pini moja. Kimya. Akafuta jasho kwa ncha ya mtandio, akasema kwa Kiorma maneno ambayo siyaandiki hapa.

Kiti, mtoto wa wakulima na fundi wa simu wa duka la jirani, akachungulia mlangoni. "Mama Ruwaida, kata hiyo plagi tuunge waya."

"Kata ulimi wako kwanza."

"Nyinyi watu wa ng'ombe, kitu kisicho na mkia hamjui pa kukishika!"

"Na nyinyi wa mihogo mnajua kuchimba tu. Hebu toka, unanizibia mwanga!"

Simu ikalia. Ruwaida. "Mama, umetuma?"

"Natuma," akadanganya, akakata. Akakaa sakafuni, feni mapajani, macho yamemjaa maji ya hasira. Mtoto amesoma miaka kumi na miwili, aje azuiwe na kiplastiki?

Akawasha tochi ya simu, akaitazama plagi upande huu na huu. Upande mmoja ulikuwa na kingo mbili nyembamba. Kwenye bodi, nyuma ya pini, palisimama ulimi wa plastiki, nao umeegemea pini tatu tu, si nne. Kumbe muda wote alikuwa akiichomeka kinyumenyume! Akaigeuza, kingo zikaukumbatia ulimi, pini ya nne ikabaki nje peke yake bila kumdhuru mtu. Akawasha.

Feni ikanguruma, jamani! Akaijaza fomu, akatuma zimebaki sekunde mbili, wallahi mbili, na upepo wa ile feni ukawavua watu kofia kuanzia sokoni mpaka Minj—

"Mjomba!" Batula akanikatiza. "Nilituma saa kumi na robo. Na feni yenyewe haizimi hata kiberiti."