Kitanda Kisichokuwa na Pa Kwenda

Tarehe tisa Februari 1968 nilimpoteza mdogo wangu, fundi wa mabomba, kwa malaria iliyompanda kichwani. Tulimzika nyumbani, Kisian. Hakuwa ameoa.

Baada ya matanga nilirudi Kisumu kuondoa vitu chumbani mwake, katika nyumba za manispaa. Nilikuta barua chini ya mlango: chumba kirudishwe kitupu ifikapo Ijumaa, na atakayetupa au kuchoma vitu mtaani atashtakiwa. Jina lililoandikwa juu ya barua lilikuwa lake. Nikaogopa lisije likaitwa kortini, jina la mtu ambaye hakuwahi kuitwa hata na chifu.

Nguo na sufuria ziligawanywa. Kikabaki kitanda. Mama yetu alikuwa ameshasema, "Kitanda cha mtu aliyekufa bila mke hakiingii boma langu." Kwetu neno hilo halibishaniwi.

Jumanne seremala mmoja alikuja akakipenda. "Mvule mtupu huu! Mbona unauza?"

Nikamwambia. Akaondoa mkono haraka.

"Mama, ungenyamaza ningekuwa nimeshakibeba."

Nilijua. Lakini mtoto wa mtu angelala pale. Alipoondoka nilifagia chumba ambacho nilikuwa nimekifagia asubuhi, nikakaa, nikainuka, nikafagia tena.

Jumatano nilikwenda ofisi ya nyumba. Karani alisema kuna jalala la mji, ila lazima niwe na cheti.

"Unatupa nini?"

"Kitanda cha marehemu."

Akaandika hivyo hivyo, akagonga muhuri. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akanong'ona, "Dada, si ungesema kitanda tu?"

Alisema kweli. Alhamisi kutwa nzima wenye mikokoteni walisoma kile cheti wakanirudishia. Mmoja aliuliza, "Na huyo marehemu atashukia wapi?" Wenzake wakacheka, lakini hakuna aliyesogea.

Ijumaa asubuhi nilimpata mzee mmoja karibu na lango la hospitali, ameketi juu ya mkokoteni wake anakula muhogo. Nikamsomea cheti mwenyewe, neno kwa neno, nisije nikamdanganya.

"Mimi nabeba majeneza, mama," akasema. "Yale yana mtu ndani. Nitaogopa mbao?"

Tulikifungua kitanda pamoja. Mguu mmoja ulikataa kutoka, akaupiga kwa jiwe mpaka ukalegea. Tukaupeleka mkokoteni mpaka jalalani, yeye akivuta mbele, mimi nikisukuma nyuma. Mlinzi alisoma cheti, akarudi hatua mbili, akatuonyesha kwa fimbo mahali pa kushusha. Tukashusha.

Nikakimbia kurudi mjini. Karani alikuja kukagua chumba, akafungua mlango, akatazama kila pembe. Tuliporudi ofisini akafungua daftari la wapangaji, akaweka rula juu ya jina la mdogo wangu, akalikata kwa wino mwekundu. Kisha akaniambia nisogee, kuna mtu nyuma yangu.