Hsiu-luan awanyamazisha wapiga soga ili mtambo wa mlimani useme

Saa tatu asubuhi, mlimani juu ya mji wa Puli, Tseng Hsiu-luan amepiga magoti mbele ya kisanduku cha chuma, kompyuta yake juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nje ya kibanda, wenye redio wote wa mji huu wanakula tambi za mchele alizowakaangia. Redio zao za mkononi zimezimwa na kurundikwa ndani ya beseni la kufulia.

"Shemeji, nirudishie yangu nisikilize tu," anabembeleza Kuo Teng-shan, dereva mstaafu wa basi, ambaye Puli nzima inajua habari hailali tumboni mwake.

"Wewe, kusikiliza tu? Tangu lini?" Hsiu-luan anajibu bila kugeuka. "Kula, mdomo upate kazi."

Kicheko kinapasuka.

Hsiu-luan, 46, hutengeneza majiko ya wali na mashine za karaoke sokoni. Mtambo huu wa redio ulio kibandani anauhudumia kwa mapenzi tu. Unapokea sauti za redio ndogo na kuzirusha upya ng'ambo ya mlima, bondeni ambako simu hazishiki. Huko mumewe, Chin-fa, anafuga nyuki.

Juzi radi ilifuta maagizo yote ya kisanduku kinachouongoza. Sasa kinamkata msemaji baada ya sekunde kumi, kisha kinanuna dakika tano. Na jioni hii tufani inatarajiwa. Chin-fa bado anafunga mizinga kwa kamba, na alfajiri alikatwa kabla hajasema atarudi kwa njia gani. Ile ya mtoni hufurika mapema.

"Anawapenda nyuki kuliko mimi, sawa," anasema Hsiu-luan. "Lakini watoto wataniuliza mimi."

Maagizo hurudishwa kwa kompyuta, lakini za siku hizi hazielewani na kisanduku cha zamani kama hiki. Kwa hiyo amejiundia kiunganishi kwa vipuri vya karaoke iliyokufa, akakifungia ndani ya kopo la keki za nanasi. Jana kilifanya kazi pale pale alipokijaribu mara ya kwanza.

Waliomshinda ni watu. Mtu akibonyeza redio wakati maagizo yanaingia, kisanduku kinayatupa yote na kurudi mwanzo. Na jana kila alipofika katikati, mtu alibonyeza: "Shemeji, tayari?"

"Mara nne ni huyo huyo," anasema, akimtupia Kuo jicho.

"Nilikuwa nakutia moyo!"

Ndiyo sababu ya karamu hii. Chin-fa naye ameagizwa asibonyeze mpaka aitwe.

Agizo la mwisho linaingia. Kompyuta inajibu: sawa. Hsiu-luan anachukua redio yake.

"Chin-fa, ongea."

Hata Kuo ameacha kutafuna.

"Chin-fa! Nimemaliza. Ongea!"

"Si ulisema ninyamaze? Nilitaka uite mara mbili, nisije nikagombezwa."

Wote nje ya kibanda wanashangilia. Chin-fa anaendelea: mizinga iko salama, mto umeshapanda, anarudi kwa barabara ya juu, na ndiyo kwanza ameingia garini. Sekunde kumi zinapita, kisha ishirini. Hakatwi.

Sasa Hsiu-luan anataka kuunda kiunganishi cha pili na kumfundisha Kuo.

"Radi ikipiga siku nimelazwa, nani atapanda huku?" anauliza.

Kuo, mdomo umejaa, anataka kujua wataanza lini.

"Meza kwanza," anamwambia, na kumsogezea kompyuta.