Kambale Mmoja

Mwaka ule nilichunga ng'ombe wa mama mmoja mzee, Munyankore, mwenyeji wa huko, nje kidogo ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Malipo yangu yalikuwa maziwa: kibuyu kimoja kila jioni, cha mtoto wangu wa kike. Mama yake alikuwa amefia hospitali huko Ruharo, Mbarara, na mtoto alikataa kabisa uji. Bila kibuyu kile, naye angenifia.

Punda milia walikuja kula majani katikati ya ng'ombe, mchana kweupe. Kwetu Uvira sikuwahi kuona hata mmoja. Mtu mwingine angepiga kelele, eh! Mimi niliwafukuza kwa fimbo kama mbuzi wa jirani. Viboko wakinguruma ziwani, nilihamisha ng'ombe fasi ingine. Sikuogopa, sikufurahi. Sikusikia kitu moyoni.

Siku ya kwanza mama mzee alinipa sharti moja tu: aliyekula samaki asiguse maziwa mpaka kesho yake, la sivyo ng'ombe atavimba kiwele. Nikaitika. Jamani, mtu wa ziwa Tanganyika kumkataza samaki! Siku moja jirani akanipa kambale wa kuchoma. Nikala, nikaenda kukamua. Sikudharau mila ya watu, nilisahau. Siku zile nilisahau hata kunawa uso.

Asubuhi, ng'ombe ambaye mama mzee alimpenda kuliko wote alikuwa amevimba kiwele, maziwa yanatoka na damu.

"Jana ulikula nini?" mama mzee akaniuliza.

Ningeweza kudanganya, lakini hata uongo unataka nguvu.

"Samaki, mama."

Akaninyang'anya kibuyu. Nikajua maziwa yamekwisha, na mtoto amekwisha.

"Wewe, maziwa usiguse tena," akasema. "Lete mtoto. Yeye hajala samaki."

Basi nikaendelea kuchunga, kukamua akapewa mwingine. Kila jioni nilimpeleka mtoto, nikakaa nje ya uzio wa miiba, mikono mitupu, nikimsikiliza anavyokunywa. Akanenepa, akaanza kusema. Jioni moja mama mzee alipotaka kunirudishia mtoto wangu, mtoto alimkumbatia shingo, akalia: "Mama! Mama!"

Nilimbandua, nikambeba. Yeye alilia njia nzima, na mimi nililia naye, mimi ambaye sikulia hata kaburini kwa mama yake.