Mgeni Ndiye Anabariki Chakula

Nilimaliza shule ya jioni nikiwa na usingizi wa kuwatosha watu wote wa mtaa wetu wa Bagira, na bila Mungu. Usingizi watu walinisamehe.

Mwaka huo nilikwenda na tonton wangu, ndugu ya baba, kwa wazazi wa msichana niliyetaka kumwoa. Koti nililoazima lingeweza kuvalisha kwaya nzima. Baba yake alitupokea kwa furaha. Bugali na samaki vilipofika mezani, akaniambia, "Kijana, hapa kwetu mugeni ndiye anabariki chakula. Tuombee."

Maneno nilikuwa nayo yote tangu utotoni. Yangekwisha upesi kuliko chafya. Lakini mchumba wangu, ambaye peke yake alijua siri yangu, alikuwa akinitazama, na nikaona aibu kudanganya mbele yake.

"Papa, munisamehe. Mimi siamini."

Tonton alinikanyaga mguu kwa uzito wa lori. Mzee akacheka kidogo, kwa huruma.

"Mupagani tunamubatiza. Mulevi tunamungojea aache pombe. Sasa weye, mutoto yangu, tukufanye nini?"

Akaomba mwenyewe, akaniombea na mimi, hadi samaki wakapoa. Tukala. Habari ya ndoa haikutajwa.

Mlangoni mchumba wangu alininong'oneza, "Ungeomba tu. Mimi ningejua hauamini, na ingetosha."

Ameshaolewa na mwingine. Mimi siku hizi, popote ninapoalikwa, naomba vizuri mpaka akina maman wanalia. Kisha narudi nyumbani peke yangu.