Nilivyokopesha Watu Hela za Hisa

Nilianza kukopesha kwa bahati tu. Mwalimu mwenzangu, wa michezo, alitaka kununua hisa za benki moja kwa vile bei ilikuwa imeshuka, na mshahara ulikuwa bado wiki mbili. Mimi nilikuwa nimeuza kiwanja cha urithi, pesa imekaa tu. Nikampa. Baada ya mwezi alinirudishia na asilimia kumi juu, akaniita benki inayotembea.

Habari ikazunguka ofisi ya walimu, ikafika mpaka kwaya ya kanisani. Kufikia Pasaka nilikuwa na wateja kumi na mmoja. Nilinunua kitabu cha risiti, nikachongesha muhuri, nikajiona mtu mkubwa. Jumamosi niliwapokea sebuleni kwangu Njiro, chai ya maziwa mezani, nikiwaeleza habari za gawio kana kwamba nimezisomea. Mengi nilikuwa nimeyasoma kwenye simu asubuhi ile ile.

Mteja wa kumi na mbili alikuwa mzee mfugaji wa Oldonyo Sambu, aliyeletwa na mwanakwaya mwenzangu. Nilimwamkia, nikammiminia chai. Akasoma fomu yangu neno kwa neno, kisha akauliza leseni yangu iko wapi. Nikamjibu kwamba mimi nasaidia watu tu.

"Mwanangu," akasema, "mimi sipeleki ng'ombe mmoja mnadani Ngaramtoni bila kibali. Wewe unakopesha watu wote hawa kwa riba, na huna hata karatasi?"

Akamaliza chai, akashukuru, akaondoka bila kukopa.

Jumatatu nilienda kwa wakili mjini, nikitumaini ataniambia mzee anakuza mambo. Wapi. Alinieleza kwamba kumkopesha rafiki mara moja ni mambo ya watu wawili, lakini kukopesha kwa riba kama biashara kunataka leseni, na asiye nayo anaweza kushtakiwa. Wakope kwa ajili ya hisa au mbolea, ni yale yale. Nikamuuliza kuhusu muhuri wangu. Akaniomba nisiuonyeshe kwa mtu mwingine.

Nikawaita wateja wote, nikawarudishia riba niliyokwisha kupokea, nikawaomba walete mtaji tu. Walifurahi mno, isipokuwa mwalimu wa michezo, ambaye safari hiyo alikuwa na mkopo mkubwa kuliko wote. Aliniuliza mbele ya wenzetu: "Kwa hiyo kama hukuwa na leseni, mimi nadaiwa kweli?"

Hasira zilinipanda. Nikamwambia, "Sheria waachie mawakili. Hela ilitoka mkononi mwangu ikaingia mkononi mwako."

Wiki tatu hatukusalimiana. Kisha akanifuata uwanjani, filimbi shingoni, akakiri kwamba hisa alizonunua zilikuwa zimeporomoka na aliona aibu kusema. Hasira zikaniisha pale pale, maana hata hisa nilizonunua mimi mwenyewe zilikuwa zimeporomoka. Tukakubaliana alipe kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, bila riba.

Ilimchukua karibu mwaka mzima. Siku aliyomaliza alinunulia ofisi nzima maandazi, akatangaza kwamba sasa anataka kununua hisa kwa hela yake mwenyewe, akaniuliza ni zipi nzuri. Nikamwambia sijui, na safari hii nilikuwa nasema kweli.