Stoo ya Nyanya Upande wa Jua la Jioni

Mimi ni fundi mwashi, na kazi yangu naijua. Nasema hivyo bila aibu, maana Mafiga ninakoishi, na Bigwa, na hata kule Mikese, ziko nyumba nilizojenga na hakuna hata moja yenye ufa. Anayebisha aje na timazi yake tupime. Nyumba moja tu ndiyo niliikosea, na kwa bahati mbaya ni ya mama yangu mzazi.

Mama anaishi mlimani, juu ya Bigwa, mahali ambapo bodaboda inafika huku inalia. Analima nyanya tangu sijazaliwa, na nyanya zake zilijulikana kwa jambo moja: zinakaa. Mwenye genge mmoja wa Mafiga, dada mwenye mdomo kuliko hata mimi, alikuwa hanunui kwa mtu mwingine. "Za mama yako zinamaliza wiki nzima mezani," alikuwa akiniambia, "na bado ukiibonyeza inakusukuma kidole." Nikimfikishia mama maneno hayo, alicheka mpaka akajifunika kanga usoni. Sikuwahi kumwona akifurahia kitu kingine namna ile.

Siri yake wala haikuwa siri. Alichuma asubuhi kabla jua halijashika, zile zilizoanza tu kupata wekundu. Hakuziosha, alizifuta kwa kitambaa kikavu. Yenye jeraha iliingia chunguni siku hiyo hiyo. Zilizobaki alizipanga safu moja juu ya kichanja cha mianzi, upande wa kikonyo ukitazama chini, ndani ya kibanda cha tope na nyasi ambacho ukuta wake wa nyuma ulichimbiwa mlimani. Ukiingia humo saa nane mchana, jasho linakukauka. Ndizi zilikuwa marufuku. Alizivundika jikoni, akisema zikilala chumba kimoja na nyanya, nyanya nazo zinashikwa na haraka ya kuiva.

Mimi kibanda kile nilikionea haya. Fundi mzima, mama yangu ana banda la nyasi! Nikamjengea nyumba ya tofali na bati la buluu: chumba, sebule na stoo. Chumba chake nilikiweka upande wa mlima, chini ya kivuli cha mfenesi, madirisha mawili yanayotazamana, dari juu, na kitanda cha mninga. Humo upepo unapita hata usipoualika. Stoo nikaitupa upande wa jua la jioni, maana huko hakuna mtu wa kulala. Nikaiwekea mlango wa chuma, kioo kidogo kisichofunguka kwa ajili ya wezi na panya, na bati tupu bila dari. Halafu kibanda cha tope nikakibomoa kwa mikono yangu, asubuhi moja tu. Mama alisimama pembeni akasema, "Hiki si ungekiacha, baba?" Nikamjibu, "Mama, acha ushamba." Ndiyo, nilimwambia hivyo mama yangu.

Msimu wa kwanza haujafika katikati, yule dada wa genge akanipigia simu. "Fundi, mama yako amepatwa na nini? Nyanya nazipanga asubuhi, jioni zinatoa maji. Wateja wananisema. Zikija hivi tena, nachukua za mtu mwingine."

Hapo nilitakiwa nifikiri. Badala yake nikajibu haraka, kama kawaida yangu: "Mama amezeeka, dada. Macho yamepungua, anachuma zilizoiva kupita kiasi." Kisha nikampigia mama mwenyewe nikamfundisha kuchuma nyanya. Mimi, niliyejifunza kutambaa kwenye matuta yake! Nikamwambia na friji nitamletea. Friji akaikataa, akasema nyanya ikilala humo inaamka haina ladha. Hayo mengine alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, baba. Nitaangalia."

Baada ya wiki kama tatu nyanya zikarudi kuwa zile zile. Dada wa genge akapiga simu anacheka, safari hii kwa kusifia. Na mimi nikavimba kichwa. "Si nilisema? Nilimpa somo." Niliwasimulia hata mafundi wenzangu saiti.

Siku moja nikamaliza kazi mapema Bigwa, nikaamua kupanda mlimani bila kupiga simu. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua la kutoboa utosi. Nikapiga hodi, kimya. Mama alikuwa shambani. Ufunguo najua unakokaa, nikaingia, nikaenda chumbani kwake kuweka sukari niliyombebea.

Loo! Kitandani godoro halikuwepo. Juu ya chaga zilitandazwa nyasi kavu, na juu ya nyasi nyanya, safu moja, zimejipanga kama watoto wa madrasa. Madirisha yote mawili yalikuwa wazi na chumba kina ubaridi wa kutamani kujilaza. Sebuleni nilikuwa nimepitia, ni makochi matupu niliyoyabana mwenyewe mpaka mkeka hauenei. Sasa yeye analala wapi?

Nikafungua ule mlango wa chuma. Joto likanipiga usoni. Godoro lilikuwa sakafuni, juu yake shuka lililokunjwa, tasbihi, na kipande cha boksi cha kujipepea. Nikagusa ukuta, unachoma. Tofali nalijua mimi, moto wa jioni linautunza mpaka watu wamelala. Nikakaa kwenye godoro lile nione mtu anaweza kuvumilia muda gani. Shati halijamaliza kulowa, nikatoka nje, nikakaa barazani nikalia. Sifichi.

Mama akaja, jembe begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona hukusema unakuja? Umekula?"

"Mama, unalala stoo?"

Akatua jembe taratibu. "Nyanya haziwezi joto lile," akasema. "Mimi naweza."

"Kwa nini hukuniambia? Si ungejenga hata kibanda cha tope hapo nje!"

Akaniangalia kama alivyokuwa akiniangalia nikiwa na homa utotoni. "Kila anayepita njia hii anajua nyumba hii umejenga wewe. Wakiona kibanda cha tope mlangoni, watasema fundi kajenga nyumba isiyofaa hata kuweka nyanya. Wewe unakula kwa jina lako, baba."

Nilinywea. Muda wote ule yeye analinda jina langu ndani ya joto, mimi niko Mafiga nalichafua lake. Nikatoa simu pale pale, nikampigia dada wa genge, nikaweka spika.

"Dada, nisikilize. Mama hana shida ya macho. Anachuma vizuri kuliko mtu yeyote mlima huu. Stoo niliyojenga mimi ndiyo iliyokuwa inaziozesha."

"Kumbe fundi na wewe unakosea?"

"Nimekosea."

Mama akajifunika kanga usoni. Safari hii sikujua kama anacheka.

Kesho yake sikwenda saiti. Nilikata fito, nikachimba mlimani, nikakanyaga tope kwa miguu yangu, na mama amekaa kwenye kigoda ananielekeza. Ukuta mmoja alinibomolesha mara mbili, eti haujapumua. Kibanda hicho nilikijenga pembeni kabisa mwa njia, mahali kila mtu anapopita. Jioni godoro likarudi kitandani, na kile kioo cha stoo nikakivunja kwa nyundo kwa raha zangu.

Watu walipita, wengine wateja wangu. "Fundi! Umerudi kwenye tope?"

"Nimerudi!" nikawajibu. "Ile ya tofali niliikosea!"

Mama akaniita kutoka ndani, anapanga nyanya zake. "Punguza sauti, baba. Utakosa kazi."

Nikaongeza sauti.